Nukta Mbili Zilizopenya Karatasi

Huu ni mwezi wa nne tangu nistaafu, na vijana niliowaacha katika idara ya maji wameniomba niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye miongozo. Nadhani wanatarajia habari za mitambo na miamba. Zitakuwapo. Lakini nianze na kinachonishtua mpaka leo: kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini, lililowanyima maji matamu watu waliokuwa wameyangoja kwa miaka, halikutoka kwa mtambo wala kwa mwamba. Lilitoka kwenye daftari dogo la mfukoni, karatasi tu. Ninaandika haya nyumbani kwangu Kitengela, na kila nikimaliza ukurasa naugeuza kuangalia upande wa nyuma. Mume wangu ameacha kuniuliza natafuta nini.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye mtambo wa kuchimba visima nikiwa na shahada ya jiolojia, buti mpya na penseli tatu zilizochongwa vizuri. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya shimo na kuandika: kila mita mbili mtambo hutoa vumbi la mwamba, nami hulipanga chini kwa vikundi, nikaandika rangi yake, ugumu wake, na kina ambacho maji yameonekana. Anayechimba hutazama mashine. Anayeandika ndiye anayejua chini kuna nini. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa chuoni, na nilitembea kama mtu aliyefundishwa hivyo.

Mchimbaji mkuu wetu alikuwa Mzee Njoroge, mtu wa Murang'a aliyehamia Kajiado akiwa kijana. Hakuwa na shahada. Alikuwa na kipande cha chaki na masikio. Akisikia mtambo umebadilisha sauti, angesema, "Tumeingia mawe ingine," na dakika moja baadaye vumbi lingebadilika rangi. Nilimwona mshirikina hadi nilipoacha kumwona hivyo.

Wiki ya pili, kampuni iliyokodiwa kutusaidia ilimtuma msimamizi wake aazime daftari langu "aangalie kitu kidogo." Liliporudi, mita tisini zilikuwa zimekuwa mita mia moja na ishirini. Kampuni ililipwa kwa mita. Nilikodoa macho. Nilijua niliandika tisini, lakini ukurasa ulikuwa safi kama haujawahi kuandikwa kitu kingine.

"Uliandika na nini?" Mzee Njoroge aliniuliza.

"Penseli."

"Ai, madam. Namba ya penseli ni ya mwenye raba." Akanipeleka hadi kwenye vyuma vya kuchimbia, kila kimoja mita sita, akavihesabu kwa chaki mbele ya yule msimamizi: kumi na tano. "Chuma haifutiki," akasema. "Na wewe tafuta wino."

Mtu mwenye akili angenunua biro. Mimi nilikwenda nikanunua kalamu ya wino, ile ya nibu inayojazwa kutoka chupani, kwa sababu niliamini msomi huonekana kwa kalamu yake. Ni kweli kwamba biro hugoma karatasi ikiwa na vumbi na hutapika ikikaa juani kwenye gari. Lakini hizo ni sababu nilizozitafuta baadaye. Sababu ya kweli ni majivuno. Niliitoa mfukoni kama daktari anayetoa kifaa cha kusikiliza moyo, na vibarua walinyamaza kidogo kila nilipofungua kifuniko. Kunyamaza huko kulinifurahisha. Likumbukeni hilo, nyinyi mnaopenda kunyamaziwa.

Anayetumia kalamu ya wino hugundua upesi kwamba kalamu si tatizo. Tatizo ni karatasi. Karatasi nyingi za madaftari madogo hunywa wino: unaandika saba, kingo zake zinaota manyoya, na ukigeuza unaikuta imetokea upande wa pili, imegeuka, inakutazama. Nilianza kuzunguka maduka ya vifaa vya kuandikia Kitengela nikiwa na kalamu mkononi. Nilikuwa nafungua daftari ukurasa wa mwisho, naweka nukta moja, nahesabu hadi kumi, nageuza. Mwenye duka mmoja, Mama Shiru, alinivumilia mara mbili.

"Madam," akasema mara ya tatu, "hiyo kitabu unanunua ama unaipima pressure?"

"Naangalia kama inakunywa wino."

"Hapa tunauza ya kuandika. Ya kunywa iko hapo mbele, kwa baa."

"Nikipata ambayo hainywi nitakununulia kumi."

"Na hii umeshaitia doa?"

"Ni nukta tu."

"Basi hii ni yako. Na ile ya jana. Na ile ya juzi nilificha nikijua utarudi."

Ndivyo nilivyojaza droo madaftari yenye nukta moja kila moja, na ndivyo nilivyojulikana sokoni kama yule mama wa kuharibu vitabu. Mume wangu aliyatumia kuandikia hesabu za maziwa.

Daftari nililolitafuta nililipata Namanga, tulipokwenda kutengeneza kisima cha shule. Kando ya malori yaliyokuwa yakingoja kuvuka mpaka palikuwa na kibanda kilichouza sabuni, betri na vitabu vidogo vyeusi vyenye mgongo wa kitambaa chekundu. Niliweka nukta. Nikahesabu hadi kumi, kisha hadi ishirini. Nikageuza. Upande wa nyuma ulikuwa mweupe. Wino kwenye karatasi ile ulikuwa kama mgeni mwenye adabu: ulikaa pale ulipoketishwa. Nilivinunua vyote alivyokuwa navyo, na kwa miaka mingi kila aliyepita Namanga kikazi alirudi na dazeni yangu.

Sasa nifike pale.

Miaka mitatu kabla sijastaafu dazeni nyingine ililetwa. Jalada jeusi lilelile, mgongo mwekundu uleule. Mimi, niliyewadhalilisha wenye maduka wa Kitengela kwa nukta, sikuweka nukta. Nililijua jalada, nikaliamini. Na karatasi ya ndani ilikuwa imebadilishwa. Si sana. Maandishi ya kawaida hayakupenya, nibu yangu ikiwa nyembamba. Kilichopenya ni pale tu kalamu ilipotua ikakaa.

Kisima kilikuwa cha kikundi cha akina mama, mbali kidogo na mji wa Kajiado. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Nashipae, mwanamke mrefu asiye na haraka, aliyefuata ofisi yetu kuhusu kisima hicho tangu kitinda mimba wake akiwa mgongoni. Sasa mtoto huyo alikuwa sekondari. Bwawa walilotumia lilikuwa mwendo wa saa mbili, na kiangazi lilibaki tope. Siku tuliyofika na mtambo alinisalimu kwa Kimaasai, "Supa, Mama Maji," nami nikajibu "Epa" kwa lafudhi iliyowachekesha wote.

Tulichimba mita mia moja na ishirini. Kati ya mita arobaini na mbili na hamsini na nne tulikuta maji, nikayaonja, nikayatema: chumvi chungu. Haya hutokea sana Kajiado, na dawa yake inajulikana. Unaendelea chini hadi upate maji mengine, kisha unashusha mabomba ya chuma. Penye maji mabaya unaweka bomba zima, lisilo na tundu. Penye maji mazuri unaweka bomba lenye matundu. Maji mazuri tuliyapata kuanzia mita tisini na sita. Mama Nashipae aliyaonja, akayashikilia mdomoni, akafumba macho.

"Hii," akasema. "Hii ndio."

Nikaketi nikaandika mpangilio. Mabomba ishirini, kila moja mita sita na mstari wake, bomba la kwanza likiwa lile la chini kabisa. Ukingoni kulia, kando ya bomba la pili, la tatu na la nne, niliweka nukta nzito: hapa matundu. Ndivyo nilivyozoea kuandika kwa miaka yote. Nukta moja, si neno. Nilijisifia ufupi.

Kuchomelea mabomba huchukua muda. Wakati ya mwanzo yakichomelewa niligeuza ukurasa uleule, upande wa nyuma, nikaorodhesha mifuko ya vumbi la mwamba. Mifuko miwili ilipaswa kwenda maabara, nami nikaitia nukta ukingoni kushoto, nikiwa naongea na simu, kalamu ikiwa imetulia juu ya karatasi kama kuku aliyeatamia. Mistari ya kumi na mbili na kumi na tatu. Kisha nikageuza tena mbele nikaendelea kuwasomea mafundi.

"Kumi na moja, zima. Kumi na mbili, matundu. Kumi na tatu, matundu."

Mzee Njoroge aliinua kichwa. "Madam, hata hapo juu?"

Hamwezi kujua ni mara ngapi nimerudi kwenye swali hilo. Mtoto wa darasa la tano angezidisha kumi na mbili kwa sita, atoe kwenye mia moja na ishirini, aone tuko palepale penye chumvi. Lakini nilikuwa nasoma namba za mabomba, si kina. Kilikuwa kisima chetu cha tatu mwezi huo, akina mama walikuwa wamesimama wanatazama, na nilikuwa na wino mkononi.

"Mzee, iko kwa kitabu," nikasema, nikamwonyesha ukurasa.

Akautazama. Akashusha kofia. Akawaambia vijana wake walete yenye matundu, na ziada ilikuwapo.

Mabomba yakishashuka, yakachomelewa na kumwagiwa kokoto pembeni, hayatoki. Pampu ilipowashwa siku ya tatu akina mama waliimba kabla maji hayajatoka. Yalitoka kwa nguvu, meupe, kisha maangavu. Mama Nashipae alikinga kikombe, akanywa, na nikaona koo lake likikataa. Hakutema. Alimeza kwa adabu, akanipa kikombe.

Nikaonja. Nikaonja tena kana kwamba yangebadilika. Wimbo ulikufa mmoja mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma, kadiri kikombe kilivyopita. Waliofurahi ni mbuzi, ambao hupenda chumvi, na walijipenyeza katikati yetu wakaanza kulamba.

"Mama Maji," Mama Nashipae akasema, "hii tutapatia mbuzi. Sasa watoto nao?"

Nilisema tutachunguza. Ndilo neno la kiserikali la kukimbia.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani Kitengela, nilifungua ukurasa ule kando ya dirisha nikiwa na uhakika kwamba mafundi walikosea. Nukta tano. Nilikumbuka kuweka tatu. Niliuinua ukurasa kwenye mwanga: nukta mbili hazikuwa za upande ule. Zilikuwa zimetoka nyuma. Ukingo wa kushoto wa nyuma ndio ukingo wa kulia wa mbele. Nilizigusa kwa kidole kana kwamba zingefutika, na nikamkumbuka mwenye raba. Chai ilipoa mbele yangu. Niliendelea kugeuza ukurasa, mbele, nyuma, mbele, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa nyumba iliyoibiwa.

Nilipofika ofisini uamuzi ulikuwa umeshatolewa. "Mzee Njoroge amechoka," mkubwa wangu akasema. "Macho yamekwisha. Mkataba wake hatuongezi tena, tunamwandikia barua apumzike."

"Si yeye. Ni mimi."

"Madam, usimbebee mtu."

Nikaiweka karatasi kwenye kioo cha dirisha lake. Alitazama. Akavua miwani, akaivaa. Akamwita karani, karani akamwita dereva, na baada ya muda nusu ya ofisi ilikuwa imepanga foleni dirishani kama watu waliosikia jua linapatwa. Hakuna aliyecheka. Barua ya mzee haikuandikwa. Yangu, ya onyo, iliandikwa, na ilikuwa haki.

Nilimfuata Mzee Njoroge kwenye karakana nikamweleza yote, nikitarajia ashangae. Hakuinua uso kutoka kwenye nati aliyokuwa akikaza.

"Nilijua, madam."

"Ulijua?"

"Bomba ya kumi na mbili inaanza mita hamsini na nne. Hapo ndipo ulionja ukatema. Mimi niko na chaki."

"Na ukashusha?"

"Nilikuuliza."

"Mara moja! Ungeuliza tena!"

Hapo ndipo aliponitazama. "Mbele ya wale wamama, na vijana wangu? Umeshaniambia iko kwa kitabu. Nikisema kitabu ni mbaya, nasema wewe ni mbaya. Na ni nani alikuambia utafute wino? Si ni mimi?"

Nilishtushwa na ukurasa, lakini hili lilinishtua zaidi: kwamba mtu mwenye masikio yale aliona kosa, akalishika mkononi, akalishusha shimoni, kwa sababu mimi nilikuwa na kalamu. Na kwamba yeye pia alijua ni kosa lake, na alikuwa amekaa akingoja barua bila kujitetea.

Tulikwenda pamoja kwa Mama Nashipae. Niliwaonyesha akina mama daftari, nikawaeleza mabomba, matundu, nukta. Nilisema kosa ni langu. Mzee Njoroge akasema, "Na langu." Mama Nashipae aliishika karatasi juani muda mrefu. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimeyapanga hata majibu yake, kila jibu likiwa samahani.

Aliuliza, "Hiki kitabu kiko na kurasa ngapi?"

Sikuelewa. Nikamwambia themanini.

"Na hizo zingine, ni visima vya kina nani?"

Nilikuwa nimefikiria ukurasa mmoja tu. Mwanamke ambaye nilikuwa nimemharibia kisima alifikiria zote, akiwa amesimama hapo bila maji.

Kisima chake cha pili tulikichimba hatua arobaini kutoka kile cha kwanza, lakini baada ya kiangazi kizima cha kwenda bwawani. Mzee Njoroge alisoma mpangilio kwa sauti, nami nikamjibu kina cha kila bomba, na yeyote aliyekuwa na shaka aliruhusiwa kusimamisha kazi. Ndivyo tulivyofanya mpaka nilipostaafu. Kuhusu madaftari, nilipata karatasi nzito katika duka moja la Kajiado linalouza vitabu vya kumbukumbu vya ofisi, na fundi wa Kitengela anayejalidi Biblia zilizochakaa akanikatia na kunishonea za ukubwa wa mfuko. Andikeni upande mmoja tu. Andikeni neno zima, "matundu", msiweke nukta. Na kila daftari, hata likitoka kwa fundi yuleyule, lijaribuni ukurasa wa mwisho.

Lakini hayo yalikuja taratibu. Wiki ileile ya swali la Mama Nashipae nilikusanya madaftari yote ya dazeni ile. Yaliyojaa yalikuwa matatu, visima kumi na kimoja ukiacha cha Mama Nashipae. Nilishika kila ukurasa dirishani. Kumi vilikuwa salama. Cha kumi na moja kilikuwa na nukta moja zaidi, hafifu, mkabala na maji ya juu, yenye chumvi. Kilikuwa mbele ya Oltepesi, nacho kilichimbwa mwaka uliotangulia, Mzee Njoroge akiwa likizoni. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Nilikwenda peke yangu. Kisima kilikuwa kimetunzwa vizuri kuliko visima vyetu vingi: uzio wa miiba, bomba limepakwa rangi, mahali pa kuku na mbuzi pametengwa. Mama mmoja wa hapo alinitambua tangu mbali, akanishika mikono yote miwili. "Ashe oleng," akaniambia, yaani asante sana, na tena "ashe oleng," akanikalisha kwenye kiti pekee chenye mto.

Akapika chai. Ilipokuja ilikuwa na mabonge madogo meupe yakielea juu.

"Usijali hiyo," akasema. "Maziwa yetu hukatika hivyo. Ni maji ya hapa iko na chumvi kidogo. Tumezoea. Mungu alitupatia hivyo, na tunashukuru, kwa sababu zamani hatukuwa na kitu."

Nilishika kikombe. Nilikunywa chote, kwa kuwa sikujua pa kukiweka.

"Mama," nikasema, "si Mungu. Ni mimi."

Akacheka sana, akanipiga bega, akaniongezea chai. Ikabidi niseme mara ya pili.